Rabia ya Wagalisia na Rabia ya ukoo wenu

Swali: «Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa na Mgalisia na tunaishi Lugo, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Nina mimba ya miezi saba ya mtoto wa kike, na kwetu imekwisha semwa kwamba atapewa jina la marehemu bibi yangu mzaa mama, Rabia. Nilipolitaja jina hilo mezani, mama mkwe wangu, ambaye ni mzee wa miaka sabini na kitu aliyekulia kijijini, aliweka kijiko chini akasema kwamba hawezi kumwita mjukuu wake hivyo, kwa sababu kwao rabia ni hasira, tena ni kichaa cha mbwa. Shemeji yangu akaongeza kwamba neno lenyewe waliachiwa na Waarabu walioitawala Hispania, na kwamba limetokana na ukali wa Waarabu. Mume wangu anasema ni neno la kawaida tu, watu husema dáme rabia kutwa kucha. Je, ni neno moja? Na kama ni moja, ina maana tumekuwa tukiwaita watoto wetu hasira bila kujua? Nifanye nini?»

Dada yangu, hongera kwa mimba, na Mungu akujaalie ujifungue salama. Barua yako imebeba maswali mawili ambayo mezani kwenu yamechanganyika hadi yakawa ugomvi mmoja. La kwanza ni la lugha: je, rabia ya Wagalisia na Rabia ya ukoo wenu ni neno moja? La pili ni la nyumbani: je, mtoto atakayekulia Lugo apewe jina ambalo majirani watalisikia kama hasira? La kwanza lina jibu la uhakika, nami nalitoa hapa hapa ili upumue. Si neno moja, hayajapata kuwa moja, na marehemu bibi yako hakuitwa hasira. La pili ni la kupima, na nitalipima nawe mbele kidogo.

Nianze na neno la wakwe zako. Mama mkwe wako na mume wako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Katika Kigalisia, rabia ni nomino yenye maana mbili zinazoishi pamoja. Moja ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Nyingine ni hasira, lakini si kila hasira, kwa maana Wagalisia, kama sisi tunavyotofautisha kuudhika, hamaki, ghadhabu na kinyongo, wanayo maneno kadhaa na kila moja lina mahali pake. Mtu akikasirika kidogo kwa kuwa mgeni amechelewa, hiyo ni enfado. Hasira ya kufoka na kupiga meza mara nyingi huitwa carraxe. Chuki iliyokaa moyoni muda mrefu, ile inayomfanya mtu avuke barabara ili asisalimiane na jirani yake, ni xenreira. Rabia yaweza kuwa kali kama carraxe, lakini katika mazungumzo ya kila siku mara nyingi ni hasira iliyochanganyika na kushindwa kufanya lolote. Mtu anakimbilia basi, anafika kituoni akihema, mlango unafungwa mbele ya uso wake na basi linaondoka na dereva akimwona: hapo ndipo utakaposikia Que rabia! Vivyo hivyo, anayesema dáme rabia hatangazi ghadhabu. Anasema jambo fulani linamkera, linamuudhi, roho inamuuma. Hapo Lugo utalisikia kwa muuza duka, kwa mwalimu na kwa mtoto aliyenyimwa simu, wala hakuna atakayeshtuka.

Sasa tazama ni kwa nini mama mkwe wako alishtuka ilhali mumeo hakushtuka. Wanatumia neno moja, lakini hawakulikuta katika dunia moja. Hispania bara ilitangazwa kuwa haina tena kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu tangu mwaka 1978, baada ya mlipuko wa mwisho uliotokea Málaga kudhibitiwa. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo anaujua ugonjwa huo kwa chanjo ya mbwa wake na kwa karatasi za daktari wa mifugo tu. Lakini mtu aliyekuwa mtoto kijijini katikati ya karne ya 20 alikua akionywa kuhusu mbwa asiyejulikana anayepita njiani akitokwa na povu, na huenda alisikia wazee wakimwomba Mtakatifu Quiteria, ambaye Wakatoliki wa Hispania na Ureno humtaja kama mlinzi dhidi ya ugonjwa huo. Hata methali moja maarufu ya Kihispania, Muerto el perro, se acabó la rabia, yaani mbwa akifa, kichaa kimekwisha, imejengwa juu ya hofu hiyo. Kwa hiyo usimchukulie vibaya. Ulipokisikia kijiko kikigonga meza, wewe ulidhani anaidharau familia yako. Kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye alikuwa akimwona mbwa.

Neno hilo limetoka wapi, basi? Limetoka katika Kilatini, na njia yake inajulikana vizuri. Warumi walikuwa na kitenzi rabere, kupandwa na wazimu au kuwa na hasira isiyozuilika, na nomino yake rabies. Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo, alilitumia neno hilo kueleza jinsi moyo wa kuhani wa kike unavyofura anapopandwa na mungu wake, na Warumi hao hao walilitumia kwa mbwa mgonjwa. Hivyo hasira na ugonjwa vilikuwa vimekaa katika neno moja karne nyingi kabla Kigalisia hakijawa lugha. Wagiriki nao walifanya vivyo hivyo kwa neno lao lyssa, ambalo lilikuwa wazimu wa shujaa katikati ya vita na pia maradhi ya mbwa. Ndilo lililowapa wanasayansi jina Lyssavirus, jina la kundi la virusi vinavyoleta ugonjwa huu. Si ajabu kwamba mataifa mawili yaliunganisha mambo haya. Virusi hivyo husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na vikifika huko tabia ya mnyama hubadilika: mbwa aliyekuwa akicheza na watoto anawashambulia bila kuchokozwa. Watu wa kale hawakuona virusi. Waliona mnyama aliyeingiwa na hasira isiyo na sababu, wakaiita hasira.

Katika Kilatini cha mitaani, nomino zenye mwisho wa -ies zilikuwa chache, na watu wakazoea kuzipa mwisho wa -ia uliokuwa wa kawaida zaidi. Rabies ikawa rabia. Kutoka umbo hilo kila lugha iliyozaliwa na Kilatini ilitengeneza lake: Kiitaliano rabbia, Kikatalani ràbia, Kireno raiva, Kifaransa rage, ambalo Waingereza walilichukua kama lilivyo. Ukiyatazama haraka, raiva na rage hayafanani hata kidogo, na hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza, kwa sababu sisi hatuamini sura ya neno peke yake. Tunauliza kama badiliko lililotokea katika neno moja limetokea pia katika maneno mengine ya aina hiyo.

Pamoja na rabia, Wagalisia wanalo umbo jingine la kienyeji, raiba, ambalo huenda umewahi kulisikia. Humo, i iliyokuwa nyuma ya b imeruka ikakaa mbele yake. Je, ni bahati tu? Hapana. Kilatini sapiat, ajue, kimekuwa saiba katika Kigalisia. Capiat, atoshe ndani, kimekuwa caiba. Rubeum, chekundu, kimekuwa roibo. Katika kila neno i imeruka upande ule ule. Kifaransa kilifuata kanuni yake tofauti, lakini nacho hakikubadili nia: sapiat ikawa sache, rubeum ikawa rouge, na rabia ikawa rage. Kanuni inapojirudia namna hii, neno linakuwa limeonyesha cheti chake cha kuzaliwa. Umbo rabia lenyewe, ambalo ndilo linalotawala Galicia leo, halikupitia mruko huo. Ni sawasawa na la Kihispania, lugha iliyoshika ofisi na shule za huko kwa karne nyingi.

Shemeji yako basi amekosea, na ni vyema ajue ni kwa nini. Majeshi ya Waislamu yalivuka kuingia Hispania mwaka 711. Virgil alikuwa amekwisha kufa kwa zaidi ya miaka mia saba, na neno rabies lilikuwa kinywani mwa Warumi muda wote huo. Mtu hawezi kuachiwa urithi na mgeni ambaye hajafika. Tena, kati ya majimbo yote ya rasi ile ya Hispania na Ureno, Galicia ni mojawapo ya yale ambayo utawala wa Kiislamu haukukaa: ulikuwa umekwisha ondoka katikati ya karne ya 8, wakati wa mfalme Alfonso wa Kwanza wa Asturias, na Almanzor, jemadari wa Waislamu wa Córdoba, alipofika Santiago de Compostela, mji wa Galicia, mwaka 997 alikuja kuvamia, akachukua kengele za kanisa hadi Córdoba, akarudi alikotoka. Maneno ya Kiarabu yamo katika Kigalisia, nawe utayatambua kwa urahisi kuliko Mgalisia mwenyewe: azucre ni sukari yetu, alcalde, yaani meya, ametoka kwa kadhi, na aceite, mafuta, ni ndugu wa zeituni. Lakini rabia haimo katika orodha hiyo. Na ile hadithi ya ukali wa Waarabu haina msingi hata kidogo. Jina la Waarabu limejengwa kwa herufi za mzizi ambazo ni ayn, ra na ba, na katika Kiarabu mpangilio wa herufi za mzizi ndio unaobeba maana, kwa hiyo neno linaloanza na ra haliwezi kutokana na jina hilo.

Tuje sasa kwa jina la bibi yako, ambalo limejengwa kwa ra, ba na ayn, ayn ikiwa ya mwisho. Huo ni mzizi wenye maana ya nne. Arbaa ni nne, na Rabia kwa asili yake ni mwanamke wa nne, jina lililopata heshima kubwa kwa sababu ya Rabia al-Adawiyya wa Basra, mchamungu wa karne ya 8, ambaye masimulizi yanasema aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa binti wa nne nyumbani kwao. Wako pia wanaolihusisha jina hili na rabii, majira ya kuchipua, ambayo yanaandikwa kwa herufi hizo hizo na yamo katika jina la Rabii al-Awwal, mwezi tunaouita Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Jamaa wa jina hili wamo katika Kiswahili chako cha kila siku: robo ni mmoja wao, na arubaini ni mwingine.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa ulipeleke mezani, kwa sababu ni la kweli na ni zuri. Jina la bibi yako lina jamaa wa damu katika Kigalisia pia, ila si rabia. Ni arroba. Neno hilo limetoka katika Kiarabu ar-rub, robo, na lilikuwa jina la kipimo cha uzito, robo ya kipimo kikubwa zaidi kiitwacho kintali, ambayo kwa kipimo cha Castilla ni takriban kilo 11 na nusu. Alama ya arroba iliyotumiwa na wafanyabiashara wa zamani ndiyo ile ile @ iliyo katika kila anwani ya baruapepe, na Wagalisia bado wanaiita arroba. Yaani shemeji yako anapomtajia mtu baruapepe yake, analitaja neno lililozaliwa pamoja na Rabia.

Kama maneno haya mawili hayana undugu, mbona yamefanana hivyo? Kwa sababu Kiarabu kina ayn, ile sauti ya kooni ambayo wewe huenda uliifundishwa madrasani kwa taabu, na lugha nyingi hazina. Jina lilipotua kwenye Kiswahili, na likaandikwa kwa herufi za Kilatini, ayn ikaanguka na kubaki herufi tano tu, ambazo ni zile zile za neno la Kilatini. Yamekutana kwenye maandishi. Hata sikioni hayajakutana sawasawa: sisi tunasema Ra-bi-a, silabi tatu, mkazo kwenye bi, Mgalisia anasema ra-bia, silabi mbili, mkazo kwenye ra. Shikilia tofauti hiyo, maana itakufaa.

Sasa la nyumbani. Nakuomba usidhani kwamba ukishawaeleza haya yote utakuwa umeshinda. Asili ya neno huondoa tuhuma, lakini haifuti linachosikika, na watoto wa darasa la kwanza mjini Lugo hawatamuuliza mwenzao jina lake limetoka Basra au Roma. Kwa upande mwingine, wakwe zako nao wanaishi na majina yenye maana nzito bila kuyaona mazito. Hispania imejaa akina mama wanaoitwa Dolores, maumivu, na wapo akina Angustias, dhiki, majina yaliyotokana na heshima kwa Bikira Maria. Kama vile kwetu walivyo akina Shida, Tabu na Masumbuko waliokua wakapendwa. Jina likizoeleka, maana yake hulala. Tatizo ni kwamba Dolores imezoeleka kwa vizazi vingi, na Rabia katika mji wa Lugo bado, ingawa katika Hispania wapo wanawake wenye jina hilo, hasa kutoka familia za Morocco. Taasisi ya Takwimu ya Hispania, INE, ina ukurasa wa kutafuta majina ya wakazi kwa mikoa. Litafute huko wewe na mumeo kabla ya kuamua.

Ungekuwa ndugu yangu wa kuzaliwa, ningekushauri uliandike Rabía, kwa alama ya mkazo juu ya i. Kwa kanuni za tahajia za Kigalisia na za Kihispania, alama hiyo inamlazimisha msomaji kutamka silabi tatu na kuweka mkazo kwenye bi, kama anavyofanya katika María. Mwalimu atakayeita majina darasani atasema karibu kabisa kama alivyosema mama yako, na neno la hasira halitasikika. Jina linabaki la bibi yako, na mama mkwe wako anapata jina ambalo ulimi wake unaweza kulitamka bila kumwona mbwa. Dosari yake ni moja: alama za mkazo hazimo katika ule mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine, wala katika tiketi nyingi za ndege, kwa hiyo mara kwa mara ataonekana kama Rabia tu. Nadhani anaweza kuishi na hilo.

Wapo wanaoandika Rabiya au Rabiaa, na njia hizo nazo zinafaa, ila zinamwachia mtoto kazi ya kutaja herufi za jina lake maisha yake yote. Njia nyingine ni majina mawili, moja la Kigalisia na Rabía la pili, au kinyume chake. Ni suluhisho la amani, lakini nawe ujiulize kwa ukweli: kama litakuwa la pili, je, kuna mtu atakayelitumia Lugo, au litaishi Mombasa tu wakati wa likizo? Kama nia ni kumkumbuka bibi, hilo si jambo dogo. Kulibakiza Rabia bila alama yoyote nako si kosa; ni uamuzi unaohitaji wazazi wawili walio tayari kulieleza jina mara nyingi, kwa utulivu, bila kuchoka. Ukiona mumeo analikubali ili tu ugomvi uishe, huo utayari bado haupo.

Kisheria, mlango uko wazi. Sheria ya usajili wa raia ya mwaka 2011 inawaruhusu wazazi kuchagua jina kwa uhuru, mradi yasizidi majina mawili ya kawaida au moja la kuunganishwa, na mradi jina lisivunje heshima ya mtu wala kufanya utambulisho wake uwe na utata. Hicho kifungu cha heshima ndicho ambacho ofisa angeweza kukiuliza, kwa hiyo mume wako aende mwenyewe kwenye Rexistro Civil ya Lugo kabla hujajifungua, aulize kuhusu Rabia na kuhusu Rabía, na apate jibu kwa ofisa anayehusika badala ya kubahatisha siku ya kuandikisha. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu baadaye kuomba kubadilishiwa jina akithibitisha kwamba kwa kawaida analitumia jingine, kwa hiyo uamuzi wenu wa sasa hautamfunga binti yenu kabisa.

Ukiona kwamba maneno ya mezani yamekuwa ya kila siku na yanakukosesha usingizi, usiyavumilie peke yako katika miezi hii. Mweleze mkunga wako kwenye kituo cha afya, maana kumsikiliza mjamzito aliyezidiwa ni sehemu ya kazi yake, na anaweza kukuelekeza kwa mshauri wa familia. Na kama mnakusudia mtoto awe na karatasi za Kenya pia, wasilianeni na ubalozi wa Kenya ulioko Madrid kabla ya kuandikisha popote, muulize jina lenye alama ya mkazo litaandikwaje kwenye cheti na kwenye pasipoti ya Kenya, kisha mhakikishe kwamba tahajia ni ile ile kila mahali, kwa sababu kurekebisha herufi moja baada ya vyeti viwili kutoka ni safari ndefu kuliko kuuliza sasa.